Mu Panda tusi la mama linaleta polisi, jina la kabila linaleta kicheko

Ilikuwa asubuhi, mbele ya saa moja, ku fasi ya kuchota maji hapa mu komini ya Panda, muji wa Likasi. Mabido yalikuwa yamepangwa mustari murefu. Watoto wawili wakagombana juu ya nafasi. Mumoja, wa karibu miaka kumi, akafungua kinywa na kutukana mama ya mwenzake, tusi lile ambalo hata hapa hatuwezi kuliandika. Mustari muzima ukageuka. Mama muzee akamukamata mutoto sikio: "Weye mutoto, ile maneno umeitosha wapi? Ku nyumba yenu njo banakufundisha vile?" Mama ya mutoto akaitwa. Akafika mbio, kitenge hakijafungwa muzuri, akaomba musamaha kwa mama aliyetukanwa, kisha kwa muzee, kisha kwa mustari wote. Hata vile, kuna mwenye alisema kama mambo ya namna ile ni ya kupeleka ku polisi.

Dakika kumi hazikupita. Mama mumoja mugeni, mwenye anasema Tshiluba na watoto wake, akaingia mbele kidogo mu mustari, sababu jirani alikuwa amemuwekea nafasi. Sauti ya kijana ikatoka nyuma: "Sasa bilulu njo bataanza kuchota mbele yetu?" Watu wakacheka. Hakuna sikio lililokamatwa. Hakuna muzazi aliyeitwa. Hata yule mama mwenyewe akacheka kidogo, kama vile mutu anachekaka wakati haoni mulango wa kutokea.

Kwa wasomaji wetu wa Kalemie, Bukavu ao Goma wenye hawajui neno hilo: kilulu ni mududu, bilulu ni wadudu. Mu Katanga, neno hilo lilipewa watu wa Kasai. Lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita hapa mu muji wetu.

Tangu siku ile najiuliza: mizani yetu ya kupima matusi inapima nini? Kwa tusi la mwili tunasimama wote. Kwa jina la kabila tunacheka. Ukiangalia yale yenye muji huu ulipitia, inaonekana tunapima kinyume.

Tusi ni nini kwetu

Tuanze na yale kila mutu anajua. Mu Kiswahili chetu cha Katanga, kutukana ni neno pana. Juu kabisa kuna tusi la mama na la sehemu za mwili zenye zinafichwa. Hilo linaleta mikono, linaleta wazee kukaa chini ya muti, saa ingine linaleta faini ya mbuzi ao ya kuku. Chini yake kuna majina ya nyama: mbwa, nguruwe. Kisha kuna mujinga, mupumbafu, na yale yenye tumekopa ku Kilingala, zoba na yuma, yenye vijana wanarushiana siku muzima bila kukasirika. Pembeni kuna neno mulozi. Hilo halina uchafu ndani, lakini kila mutu anajua kama linaweza kumufukuzisha muzee mu nyumba yake, ao hata kumuua.

Uzito wa tusi unafuata pia mwenye kusema na mwenye kuambiwa. Rafiki wa rika moja anaweza kukuambia neno lenye mukwe wako hawezi kulisikia hata kwa mbali. Mutoto akimuita muzee kwa jina tupu, bila kusema baba fulani ao tantine fulani, amemutukana, hata kama jina lile ni zuri. Wazee wetu wenye walifanya kazi wakati wa Union Minière wanalijua hilo muzuri. Ku kazi, muzungu kijana aliweza kumuambia baba wa watoto sita "tu", kama vile anaambia mutoto. Patrice Lumumba alikumbusha mambo hayo mbele ya mufalme wa Ubelgiji siku ya uhuru, tarehe 30/6/1960: kama Muafrika alikuwa anaambiwa "tu", na haikuwa kwa urafiki, juu "vous" yenye heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Neno dogo vile, la herufi mbili, halina uchafu wowote. Lakini mutu muzima alienda nalo ku nyumba kila magaribi na halikumutoka mu roho.

Lugha nayo inabadilisha uzito. Mutu mwenye hawezi kusema tusi fulani mu Kiswahili, analisema mu Kifaransa mbele ya wazazi wake na hakuna mwenye kugeuka. Mu Kifaransa linapita kama mupepo. Mu lugha ya mama linaingia mu mwili. Ndiyo maana vijana wengi, wakitaka kukasirika bila kuvunja nyumba, wanavuka ku Kilingala ao ku Kifaransa. Hiyo ni akili, si tabia mbaya tu.

Na kuna fasi zenye tumezipa ruhusa. Ku mupira, siku ya Mazembe na Lupopo, mutu wa kanisa anasema juu ya mama ya mwamuzi maneno yenye atatubu Siku ya Mungu. Kesho yake hakuna mwenye kumuuliza. Tunajua kama ile ilibakia mu kiwanja.

Kwa hiyo si kweli kusema kama watu wa siku hizi hawajui heshima. Tunajua sana. Tuna sheria nyingi zenye hazikuandikwa: nani, kwa nani, fasi gani, mu lugha gani. Tatizo ni kama sheria hizo zote zinalinda mutu mumoja-mumoja. Neno lenye kupiga watu wengi pamoja linapita katikati ya vidole.

"Tunacheka tu"

Nilimuuliza yule kijana wa ku maji. Jibu lake nililitarajia: "Ah, kaka, tunacheka tu. Haina mubaya. Nabo banatuitaka majina." Jibu hilo linasikilika kila siku, na halistahili kutupwa bila kulichunguza. Kweli Waafrika wa sehemu zetu wanajua kutukanana kwa kucheka, na ni kitu cha heshima.

Mu Wabemba na Walamba, wenye wako pande zote mbili za mupaka wa Congo na Zambia, kunaitwa bunungwe. Watu wa ukoo wa chui na watu wa ukoo wa mbuzi ni banungwe, juu chui anakula mbuzi. Wa mamba na wa samaki vilevile. Ku Tanzania wanaita utani, na kabila moja linaweza kuwa na watani wake wa tangu zamani. Mutani anakuambia maneno yenye mutu mwingine akikuambia, mutapigana. Anaweza kuingia mu kilio chako na kuchekesha watu karibu na maiti.

Lakini utani una masharti yake. Ya kwanza: watani wanajulikana. Mutu haamuki asubuhi na kujichagulia kabila la kutania. Ya pili: maneno yanaenda na yanarudi. Chui anamucheka mbuzi, mbuzi naye anamucheka chui, na hakuna mwenye anaogopa kujibu. Ya tatu, na ndiyo kubwa: mutani ni mutu wa kukusaidia. Wakati wa kifo, banungwe ndio wana kazi yao ku maziko. Mwenye anakutukana kwa kucheka ni yeye atashika jembe siku ya kaburi lako.

Sasa tupime neno bilulu ku mizani hiyo. Yule mama wa ku maji, aliweza kujibu? Alikuwa mugeni, peke yake, na watoto wake, na mustari muzima nyuma yake. Yule kijana, atashika jembe siku mama huyo atapata matanga? Hata jina lake hajui. Basi ile haikuwa utani. Ilivaa tu nguo ya utani.

Na neno lenyewe halifanane na chui ao mbuzi. Chui ana sifa, mbuzi ana mwenye kumufuga. Mududu hana jina, hana baba, hana kwao. Mududu hatumuulize kitu. Tunapuliza dawa, tunafagia, tunasahau.

Mwaka 1992, neno lilitangulia

Wengi wetu wenye tunaandika na kusema ku redio leo tulikuwa wadogo sana wakati ule, ao hatukuzaliwa. Kwa hiyo ni muzuri kukumbusha.

Watu wa Kasai hawakufika Likasi jana. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilienda kutafuta wafanyakazi ku Kasai, na inchi ya mbali ikawa karibu wakati njia ya treni ya BCK ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mu 1928. Wanaume walikuja na bibi zao, wakapewa nyumba mu kampi, wakapewa posho, watoto wakaenda ku masomo ya kampuni. Watoto wa watoto wao walizaliwa hapa, ku Panda, ku Kikula, ku Shituru. Wengi walikuwa hawajaona Kasai hata siku moja.

Kisha mambo yakaharibika. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 muchimbo wa Kamoto, ku Kolwezi, ulianguka. Mashini zilikuwa zimezeeka, pesa za kampuni zilikuwa zimekulwa ku Kinshasa, mishahara ikaanza kuchelewa. Watu wa Katanga walikuwa na swali la haki: juu ya nini inchi yetu ina mali na sisi tuna njaa? Lakini Kinshasa ilikuwa mbali. Jirani, mwenye alikuwa na cheo ku kazi na jina la Kasai, alikuwa karibu.

Tarehe 15/8/1992, ku Kinshasa, Konferansi ya taifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pa fasi ya Jean Nguza Karl-i-Bond, mutu wa Katanga. Lakini hewa ilikuwa imekwisha kuchafuka mbele ya siku ile. Mu mikutano ya UFERI, chama cha Nguza na cha liwali wa jimbo Gabriel Kyungu wa Kumwanza, neno bilulu lilikuwa linasemwa wazi, na watu walikuwa wanapiga mikono. Tangu mwezi wa 8, na zaidi mu mwezi wa 9, nyumba za watu wa Kasai mu Likasi zilivamiwa, zikaibiwa, zikachomwa. Kuna wenye waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbilia ku gare na mu masomo. Walilala pale wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu na mbele zaidi, wengine kwa miezi. Maji yalikuwa machache, magonjwa yakaingia, watoto wakafa. Mu mwezi wa 3 wa 1993 ikafika zamu ya Kolwezi.

Neno halikuchoma nyumba. Watu ndio walichoma. Lakini jiulize namna gani jirani wa miaka ishirini, mwenye mulikuwa munaazimana chumvi, anaweza kusimama na kuangalia wakati kiti chako kinatoka kwa dirisha. Lazima kwanza kitu kibadilike mu macho yake. Lazima baba fulani asiwe tena baba fulani. Kazi hiyo, kubadilisha mutu kuwa kitu cha kufagia, ndiyo neno lilifanya, pole-pole, kwa kicheko, miezi mbele ya moto wa kwanza.

Na kisha ya kufagia, nani alishiba? Mu 1993 na 1994, shaba ya Gécamines ilishuka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Sababu zilikuwa nyingi, kufukuzwa kwa watu haikuwa sababu moja tu. Lakini waalimu, wauguzi na mafundi walikuwa wameenda, na kazi haikurudi. Mu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitolewa ku kazi mu mupango wenye Banki ya Dunia ilisaidia kulipa. Humo kulikuwa wazee wengi wa hapa Panda, na kabila lao halikuwakinga.

Siasa nayo iligeuka. Kyungu na watu wa Tshisekedi walifika kuwa upande mumoja. Mu 2019, Rais Félix Tshisekedi, mutoto wa yule wa 1992, alimuweka Kyungu mukubwa wa baraza la SNCC, kampuni ya treni, treni zilezile. Kyungu alikufa mu mwezi wa 8 wa 2021. Wakubwa wanajua kusameheana wakati kuna kiti cha kugawanya. Mama mwenye alizika mutoto karibu na gare hakuitwa ku mukutano huo.

Sisi wa redio hatuko inje ya mambo haya

Kuna sababu redio inapaswa kuogopa zaidi kuliko mutu wa ku maji. Mwaka mumoja kisha mambo ya Likasi, ku majirani wetu wa Rwanda, redio RTLM, yenye ilianza mu 1993, ilikuwa inaita Watutsi inyenzi, maana yake mende. Ni mududu tena. Redio ile ilikuwa na muziki muzuri na watangazaji wenye kuchekesha, na vijana waliipenda. Tarehe 3/12/2003 tribinali ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu wawili wenye walianzisha redio ile, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti. Mu 2007 rufani ilipunguza adhabu zao, lakini haikuwatosha mu makosa.

Sisemi kama Likasi ni Rwanda. Yale yenye yalipita kule yanapita kipimo. Nasema tu kama njia ilianzia fasi moja: jina la mududu, kicheko, na mukubwa mwenye anasikia na ananyamaza.

Sheria ina mizani ingine

Watu wengi wanajua kama kutukana mutu mbele ya watu ni kosa. Ni kweli. Kitabu cha sheria za makosa cha inchi yetu, mu kifungu cha 75, kinatia mwenye kutukana wazi mu kifungo cha siku 8 mpaka miezi 2, ao faini, ao vyote viwili. Kifungu cha 74 kinaangalia mwenye kumuzushia mutu jambo la kumuharibia jina, na hapo kifungo kinaweza kufika mwaka 1.

Wenye wanajua sheria ya tarehe 7/6/1966, namba 66-342, ni wachache. Inasema kama mutu yeyote mwenye, kwa neno, kwa kitendo, kwa maandishi ao kwa picha, anaonyesha chuki ya rangi, ya kabila ao ya jimbo, ao anafanya kitu cha kuamusha chuki hiyo, anastahili kifungo cha mwezi 1 mpaka miaka 2, pamoja na faini ao faini peke yake. Na tangu tarehe 13/3/2023 kuna sheria ya mambo ya numeriki, yenye inafuata maneno ya ukabila mpaka mu telefone na mu vikundi vya WhatsApp.

Linganisha. Tusi la mama: mwisho miezi 2. Neno la chuki ya kabila: mwisho miaka 2. Wenye waliandika sheria ya 1966 walikuwa wametoka kuona inchi inapasuka, Katanga ikijitenga, Kasai ikitoka damu. Walijua neno gani ni zito. Sisi, ku mustari wa maji, tumegeuza.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Mwenye amepeleka jirani yake ku parke juu ya neno la kabila, mu mutaa wetu, ni nani? Ni vigumu kumupata. Na mugeni mwenye anacheka kwa woga hataenda kushitaki. Kwa hiyo mizani ya kwanza inabakia ile ya mustari wenyewe.

Leo, majina mapya

Juu ya nini kusema hayo sasa? Sababu treni na makamio vinaleta tena watu. Miaka hii vijana wengi wa Kasai wanakuja kutafuta maisha mu Lubumbashi, mu Likasi na mu Kolwezi. Wanaendesha moto, wanauza mukate, wanabeba mizigo, wanaenda mu michimbo. Ku Lubumbashi wenye kuendesha moto wanaitwa manseba. Mu Tshiluba, manseba ni mujomba, ndugu ya mama, mutu wa heshima kubwa. Namna neno linasemwa ndiyo inaamua: unaweza kuliita kwa upole, unaweza kulitemea mate.

Na haki inataka tuseme pande zote. Kuna wenye wametoka Kasai wenye wanasema kama Mukatanga ni muvivu, kama bila wao hakuna kazi inaweza kutembea. Hilo nalo ni neno la kufunga watu wote mu gunia moja. Linaumiza, na linawapa wenye siasa kuni za bure.

Kuna msikilizaji mwenye atasema: mukitufunga kinywa, hasira itabakia mu tumbo na siku moja itapasuka. Ana sababu. Watu wa Panda wana malalamiko ya kweli. Kazi ni haba, nyumba za kampi zinaanguka, maji ni machache, na kila mugeni anaongeza bido mu mustari. Yote hayo yanaweza kusemwa, na yanapaswa kusemwa kwa nguvu. "Maji hayatoshi" ni lalamiko, na mukubwa wa komini anapaswa kulijibu. "Bilulu wanamaliza maji" haina mwenye kuijibu. Inamutoa mukubwa mu shida na inaweka mama mwenye bido pa fasi yake. Kila mara neno la kabila linaingia mu lalamiko, mwenye madaraka anapumua.

Kwa hiyo, mbele ya kucheka, tujiulize mambo matatu tu. Neno hili linapiga mutu mwenye alikosa, ao linapiga wote wenye jina moja? Mwenye kuambiwa anaweza kunirudishia bila kuogopa? Na kama kesho kunatokea fujo, neno hili litakuwa lilimusaidia nani? Tusi la yule mutoto ku maji lilikuwa baya, na alistahili kukaripiwa. Lakini lilipiga mutu mumoja, lilijibiwa, na lilikwisha pale kwa musamaha. Neno la kijana halikukwisha. Liko linatembea.

Upande wetu, ku vipindi vya simu, kanuni iko hivi: mwenye kupiga simu anaweza kulalamikia mukubwa, kampuni, bei, hata sisi wenyewe. Akitaja kabila kama sababu ya shida, mutangazaji anamukata kwa heshima na anamuuliza: "Nani alifanya nini, siku gani?" Mara nyingi kisha swali hilo simu inabakia kimya kidogo, na lalamiko la kweli linatokea: mushahara wenye haukulipwa, parsele yenye iliuzwa mara mbili, moto yenye ilimugonga mutoto. Hapo kazi yetu inaanza. CSAC, baraza lenye kusimamia vyombo vya habari tangu 2011, inaweza kutufungia tukiacha maneno ya chuki yapite, lakini si hiyo tunaogopa zaidi. Tunaogopa kuwa mustari wenye ulicheka.

Na yule mutoto? Asubuhi ile alipata masomo mawili. La kwanza alilisikia ku sikio lake lenye lilivutwa: mama ya mutu haitukanwe. La pili hakuna mwenye alimufundisha kwa kusudi. Alikuwa angali pale, na bido yake, na sikio lingali linauma, wakati watu wazima walicheka. Kisha miaka kumi atakuwa kijana mwenye kusimama nyuma ya mustari.

Kama ulikuwa Likasi mu 1992, upande wowote, na kama uko na neno la kuwaambia vijana wa leo, njoo utuone ku redio ao tupigie simu wakati wa kipindi. Hatutatangaza jina lako kama hutaki.